Mganga na Mganga: Habari ya Tiba Mbili Katika Nchi ya Kimamba

Katika Kiswahili limo neno moja ambalo limebeba mizigo miwili kwa muda mrefu bila ya kulalamika. Neno hilo ni mganga. Mwenye mkoba wa mizizi aketiye chini ya mkwaju huitwa mganga, na mwenye koti jeupe aketiye nyuma ya meza ya serikali ameitwa mganga vile vile. Mkubwa wa tiba katika wilaya ni Mganga Mkuu wa Wilaya, na mkubwa wa tiba katika nchi nzima ni Mganga Mkuu wa Serikali. Lugha haikuona haya kuwapa jina moja watu ambao kwa miaka mingi hawakupenda kuketi juu ya mkeka mmoja. Huenda lugha iliona mbali kuliko wao. Maana kitenzi chenyewe, kuganga, ni kuunga kilichovunjika na kufunga kilichoachana; ndiyo sababu wazee walisema, yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Kwa asili ya jina lake, basi, mganga si mtu wa mzizi wala si mtu wa sindano. Ni mtu aungaye. Jinsi kazi hiyo moja ilivyogawanyika mikononi mwa watu wawili, na jinsi mgonjwa alivyopata faida na hasara katika mgawanyo huo, ni habari iwezayo kusomwa vizuri katika mji mdogo wa Kimamba na nchi iliyouzunguka.

Kimamba imo katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, juu ya reli ya kati, mashariki ya mji wa Kilosa. Upande mmoja umetanda uwanda wa Mkata, ambao wakati wa masika hujaa maji na matope. Upande wa pili hupanda milima ya Usagara na Ukaguru, na kutoka huko huteremka maji ya mto Mkondoa. Wenyeji wa nchi hii ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, na majirani zao ni Waluguru na Wanguu. Nchi hii haikuwa ya upweke hata kabla ya reli. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipita huko katika safari za baina ya pwani na bara, na kila msafara ulileta bidhaa na habari, na pamoja navyo ulileta maradhi. Mwaka 1871 Stanley alivuka uwanda wa Mkata wakati wa mvua, alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone. Watu wake wengi waliugua, na yeye mwenyewe hakusalimika na homa wala tumbo la kuhara. Kwa msafiri, Mkata ulikuwa adui. Kwa mwenyeji ulikuwa nyumbani, na mtu hana budi kujifunza kuishi na maradhi ya nyumbani kwake.

Elimu ya kuishi na maradhi hayo ilikuwa mikononi mwa watu wa namna nyingi, ijapokuwa wageni waliwakusanya wote katika jina moja. Alikuwapo mjuzi wa miti, aliyejua jani la kupoza homa na gome la kufunga tumbo. Alikuwapo mkunga, aliyepokea watoto na kuwatunza wazazi wao siku za arobaini. Alikuwapo mwunga mifupa. Alikuwapo mpiga ramli, ambaye hakutoa dawa kwanza bali alitafuta sababu. Na alikuwapo mganga wa pepo, aliyewakusanya jamaa na ngoma ili mgonjwa asibaki peke yake na lililomsibu. Mbele yao wote alisimama adui mmoja, mchawi. Wakaguru huuita uchawi uhai, neno ambalo kwa masikio ya Mswahili wa pwani lina maana ya kinyume kabisa. Mwanachuoni wa Kimarekani, Thomas Beidelman, aliyekaa Ukaguru katika miaka ya 1950 na kuandika mengi juu ya watu wake, alionyesha ya kuwa habari za uchawi katika nchi ile zilifuatana sana na ugomvi wa jamaa na majirani. Kwa hiyo aliyekwenda kwa mpiga ramli alikwenda na maswali mawili: lipi linaniumiza, na kwa nini mimi wala si mwingine? Hospitali ilipokuja ilijibu swali la kwanza kwa ufundi mkubwa. La pili haikulisikia.

Ni kosa kudhani ya kuwa elimu ile ya zamani ilikuwa ndoto tupu. Mfano mzuri ni papasi. Katika vibanda vya kulala misafara walijificha papasi katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta, wakatoka usiku kunyonya damu. Livingstone aliandika katika karne ya 19 ya kuwa wenyeji wa nchi alizopita waliogopa kuumwa na mdudu huyu, kwa kuwa waliona homa ikifuata. Wazungu wengi waliona hofu hiyo ni upuzi. Kisha, mnamo mwaka 1904 na 1905, madaktari Dutton na Todd waliokuwa mashariki ya Kongo walithibitisha ya kuwa papasi hupitisha homa ya kurudia rudia, na Dutton mwenyewe akafa kwa homa hiyo hiyo. Mwaka 1905 huo huo Robert Koch, bingwa wa Kijerumani, alifanya uchunguzi wake katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akavikuta vijidudu vya homa hiyo hata ndani ya mayai ya papasi. Darubini ilionyesha namna. Lakini kwamba mdudu yule ni wa kuogopwa, mpagazi asiyejua kusoma alikwisha kulijua. Kila mmoja alishika ncha moja ya kamba, wala hapakuwa na mtu wa kuzifunga ncha hizo mbili pamoja.

Mwaka huo huo wa 1905 kilitokea kisa kilichomfanya mganga wa miti aonekane na serikali kuwa mtu wa hatari kuliko maradhi. Huko Ngarambe, katika milima ya Matumbi, Kinjikitile Ngwale alitoa maji ya dawa yaliyosemekana kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kinjikitile alinyongwa mwezi wa Agosti 1905, lakini maji yalikwisha kusambaa, na vita vilienea katika nchi za kusini, hata vikawafikia Wavidunda katika milima ya kusini ya Kilosa. Risasi hazikugeuka maji. Vita vilipokwisha mwaka 1907, watu wengi mno walikuwa wamekufa, na wengi wao waliuawa na njaa iliyofuata mashamba na maghala kuchomwa moto. Masomo mawili yalitoka katika kisa hiki, na yote mawili yaliishi muda mrefu. Watawala walijifunza ya kuwa mkoba wa mganga waweza kubeba maasi. Wananchi walijifunza ya kuwa dawa iliyowaunganisha watu wa makabila mengi kwa nguvu kubwa yaweza pia kuwasaliti mbele ya bunduki. Ukweli wa somo moja hauufuti ukweli wa somo la pili.

Tiba ya kigeni ilikuja kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa misheni. Wamisheni wa Kiingereza wa Church Missionary Society walijenga Mpwapwa na Mamboya katika miaka ya 1870 na 1880, na miongoni mwao alikuwamo daktari, Edward Baxter. Kazi ya namna hiyo iliendelea baadaye Berega, ambako Kanisa la Anglikana lina hospitali mpaka leo. Mlango wa pili ulikuwa serikali, ambayo kwanza ilitunza askari na watumishi wake, kisha ikapeleka chanjo ya ndui kwa raia. Mlango wa tatu, na kwa Kimamba ndio uliokuwa mpana zaidi, ulikuwa mkonge.

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mimea iliyofika salama ilikuwa 62 tu. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Nchi tambarare iliyo kando ya reli ilifaa sana kwa mkonge, na Kimamba ikazungukwa na mashamba. Kazi ya kukata majani yenye miiba haikuwa na wapenzi wengi miongoni mwa wenyeji waliokuwa na mashamba yao wenyewe. Basi wenye mashamba katika Tanganyika walitafuta watu mbali: Ubena na Uha, Unyamwezi, Msumbiji, Ruanda na Urundi. Mwaka 1944 walianzisha ofisi yao ya kuandika wafanya kazi, ikaitwa SILABU, na walioletwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake.

Kambi ya mkonge ilikuwa mahali pageni kwa maradhi na kwa tiba pia. Mtu aliyetoka katika milima ya baridi isiyokuwa na malaria nyingi alitupwa katika uwanda wenye mbu, na mwili wake haukuwa na mazoea ya homa ile. Alilala pamoja na wengi, akala chakula cha posho, akanywa maji aliyoyakuta. Malipo yake yalihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi iliandikwa. Siku aliyolala mgonjwa haikuandikwa, na mshahara wake ukasogea mbele. Sheria za kazi za zama za Waingereza zilimtaka mwajiri awatunze wagonjwa wake, na zahanati za mashamba zikajengwa. Lakini mgonjwa hakuingia katika zahanati ya shamba kama aingiavyo nyumbani kwa shangazi yake. Aliingia mahali ambapo ilipimwa homa na pia ilipimwa nia: je, huyu ni mgonjwa kweli, au ni mvivu? Mtu aliyeogopa swali hilo alichelewa kwenda, na maradhi hayangoji mtu aondoe hofu yake.

Jioni, katika kambi hiyo hiyo, palikuwa na namna nyingine ya kuulizwa. Manamba walikuja na waganga wao, au walimkuta mwenyeji aliyejua miti ya nchi. Mganga wa jioni hakuuliza namba. Aliuliza mtu ametoka kwa nani, ameacha deni gani nyumbani, ameota nini, amegombana na nani. Huenda dawa yake ilikuwa na nguvu au haikuwa nayo. Lakini maswali yake yalimrudishia mgeni jina lake. Katika kambi ambamo mtu alikuwa namba mchana kutwa, hilo lilikuwa jambo kubwa. Asiyelifahamu hili hatafahamu kwa nini mfanya kazi aliyepewa dawa bure zahanati alikubali kutoa fedha zake kidogo kwa mganga wa kambi.

Hata hivyo si kweli kwamba watu waliikimbia dawa ya kigeni. Waliipokea kwa haraka kila ilipoonyesha matendo. Ushahidi ulio wazi ni sindano ya buba. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Tanganyika walianza kuwachoma sindano wagonjwa wa buba, na vidonda vilivyokaa miezi mingi vilikauka kwa siku chache. Watu walikuja kwa makundi, tena kwa miguu, kutoka mbali. Tangu siku hizo sindano ilipata heshima kubwa katika nchi, hata mgonjwa aliyepewa vidonge tu aliondoka na huzuni kana kwamba amepunjwa. Zama hizo hizo serikali iliwafundisha vijana wachache kufunga vidonda na kutoa dawa nyepesi, nao wakawekwa katika vibanda vya dawa vya serikali za wenyeji. Kijana huyo aliyeitwa dresa alikuwa na elimu fupi na kazi ndefu, lakini alikuwa karibu, na alisema lugha ya mgonjwa. Ukaribu ni nusu ya tiba.

Sheria kwa upande wake ilikuwa na jicho moja. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo imebaki katika vitabu vya sheria vya Tanzania pamoja na marekebisho yake, ilikataza kufanya uchawi, na pia ilikataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Nia ya kuwalinda watu wasisingiziwe ilikuwa njema. Lakini mwananchi wa Ukaguru aliona jambo la ajabu. Mchawi, ambaye hakuna amwonaye, hakushikwa. Na mganga, ambaye kila mtu amjua, ndiye aliyeitwa bomani kwa kuwa amemtaja mchawi. Hivyo wengi waliona serikali imesimama upande wa wachawi. Mganga aliyeogopa bomani alifanya kazi yake gizani, na kazi ifanywayo gizani huwa ngumu kupimwa: mwema na mwongo huonekana sawa. Heshima ya waganga wakubwa haikupungua kwa hayo. Sifa za Nguvumali, mganga mashuhuri wa Kilwa, zilitungiwa utenzi na Hasani bin Ismail, na utenzi huo, Swifa ya Nguvumali, ulipigwa chapa Oxford mwaka 1968 kwa kazi ya Peter Lienhardt. Ni wazi ya kuwa mtu asifiwaye kwa beti hafutwi kwa kifungu cha sheria.

Penye uzito wa jambo hili lote ni kitanda cha mtoto. Maradhi yaitwayo degedege yamejulikana kote katika pwani na bara ya mashariki ya Tanzania. Mtoto hushikwa na homa, macho hugeuka, viungo hukakamaa na kutetemeka, na pengine povu hutoka kinywani. Wazee wengi walisema ndege amepita juu yake, na jina lenyewe linamtaja ndege huyo. Tiba ilikuwa kufukiza, na katika moshi huo hata kinyesi cha tembo kilitumika. Mtoto aliogeshwa kwa maji ya majani na kufungwa hirizi. Juu ya hayo palikuwa na onyo kali: mtoto wa degedege asichomwe sindano, akichomwa atakufa. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo na katika bonde la Kilombero katika miaka ya 1990 ulikuta imani hiyo ingali na nguvu.

Imani hii haikuzaliwa na ujinga mtupu. Ilizaliwa na macho yaliyoona kweli lakini yakaunganisha vibaya. Mtoto mwenye homa kali ya kawaida aweza kutetemeka kwa dakika chache, kisha akatulia mwenyewe bila ya dawa yo yote. Kama alikuwa amefukizwa, moshi ulipata sifa. Mtoto mwingine alikuwa na malaria iliyopanda ubongoni. Huyu naye alifukizwa, hakupona, na alipokwisha kuzimia ndipo alipobebwa mbio hospitali. Huko alichomwa sindano, akafa, kwa sababu saa za kumwokoa zilikwisha kupita. Mama aliona sindano, kisha akaona mauti. Nani atamlaumu kwa kuvifunga viwili hivyo pamoja? Na kila mtoto aliyecheleweshwa kwa hofu ya sindano alizidisha ushahidi wa kuiogopa sindano. Hofu ilijilisha kwa watoto. Hapa ndipo mgawanyo wa waganga wawili ulipogharimu roho za watu, na gharama hiyo haikulipwa na mganga wa upande wo wote.

Dawa ya hospitali nayo haikukosa aibu zake. Klorokwini iliaminiwa miaka mingi. Iliwawasha watu ngozi mpaka wengine wakaikimbia, na mwishowe vijidudu vya malaria vikaizoea. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikatumia SP, na baada ya miaka michache, mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007, ikahamia dawa ya mseto. Mzee aliyetazama mabadiliko hayo alikuwa na haki ya kuuliza: kama dawa yenu ya jana imeshindwa leo, kwa nini mnacheka ya babu yangu? Jibu la haki lipo, nalo ni hili: tofauti kubwa ya hospitali haimo katika kutokosea, bali katika kuhesabu makosa yake na kuyaandika. Dawa iliyohesabiwa yaweza kuachwa inaposhindwa. Isiyohesabiwa hubaki, ikiponya au isiponye.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, madaktari Watanganyika walihesabiwa kuwa 12 tu kwa nchi nzima. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ilielekeza nguvu katika zahanati na vituo vya afya vya mashambani. Kilosa pana chuo cha kufundisha matabibu, watu wa daraja iliyoibeba tiba ya vijiji kwa miaka mingi kabla ya madaktari kutosha. Mwaka 1974 kilianzishwa katika kitivo cha udaktari Muhimbili kitengo cha uchunguzi wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi. Mwaka 1978 mkutano wa dunia uliokutana Alma-Ata uliwataja waganga wa jadi miongoni mwa watu wawezao kusaidia afya ya msingi. Na mwaka 2002 Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23, iliyounda baraza la kuwaandikisha na kuwasimamia waganga hao. Tangu maji ya Ngarambe mpaka sheria hiyo ilikuwa karibu miaka 100. Muda wote huo mganga wa miti alitembea kutoka kwenye mti wa kunyongea mpaka kwenye daftari la serikali.

Lakini daftari halimponyi mtu, na Kimamba ilikuwa na mashaka yake. Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964; baada ya hapo bei ilianguka, kwa kuwa kamba za nailoni ziliushinda mkonge sokoni. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na kazi ikaendelea kupungua mwaka hata mwaka. Mashamba yalipodhoofika, kambi zilibaki na watu waliozeeka mbali na kwao, na wajukuu wao. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza tena kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama. Kwa mtu asiye na mshahara, mganga apokeaye kuku leo na salio baada ya mavuno si mshindani wa sayansi. Ni mtu pekee anayemkopesha. Wanaoshangaa kwa nini maskini huanza kwa mganga wa jadi wangeanza kwa kuhesabu nauli.

Mifano ya waganga wawili kuketi mkeka mmoja haikukosekana. Mahenge, kusini ya mkoa huo huo wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall wa Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wengine wameungua kwa kuanguka motoni, kwa kuwa watu waliogopa mate yao yasiwaambukize. Hakushindana na waganga kwa maneno. Aliwapa wagonjwa dawa ya kila siku, na watu waliowaona wenzao wakirudi shambani walibadili mawazo wenyewe. Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa hauna dawa ya kupatikana kwa watu wa kawaida, watu wa hospitali na waganga wa miti walianza kufanya kazi pamoja: waganga walitoa miti ya kutuliza vidonda na kuhara, nao wakajifunza njia za maambukizo na umuhimu wa kumpeleka mgonjwa mbele. Kinyume chake kilionekana mwaka 2011 huko Samunge, Loliondo, ambako maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wako waliotoka katika vitanda vya hospitali, wako walioacha dawa zao, na wako waliofia njiani. Hapo palikuwa na imani nyingi, na vipimo vichache.

Wala dunia haina sababu ya kudharau jani. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa milima ya Amerika ya Kusini, na wafamasia wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, wakaitenga mwaka 1820. Dawa ya mseto itumiwayo leo Kimamba na Kilosa ina asili yake katika jani la pakanga lililotajwa katika kitabu cha kale cha Kichina. Tu Youyou alilichunguza katika miaka ya 1970, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini pakanga halikuwaokoa watoto kwa sababu ni la kale. Liliwaokoa kwa sababu lilipimwa: kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi. Jani la Uchina lilikubali kupimwa, na kwa njia hiyo likafika Usagara. Jani la Usagara bado lina safari hiyo mbele yake, na wazee walijuao hupungua kila mwaka.

Wazee walisema, mganga hajigangi. Methali hiyo hutajwa kwa mganga wa miti, lakini yafaa vile vile kwa mganga wa koti jeupe. Wa kwanza hawezi kujiponya na kiburi cha siri mpaka wa pili amwonyeshe hesabu. Wa pili hawezi kujiponya na kiburi cha hesabu mpaka wa kwanza amfundishe kuuliza mgonjwa ametoka kwa nani. Kati yao amesimama mama mwenye mtoto wa homa mgongoni, usiku, katika njia iendayo kwa mganga na iendayo zahanati. Mama huyo hahitaji mdahalo. Anahitaji mganga wa jadi atakayemgusa mtoto paji la uso na kumwambia, homa hii si yangu, kimbia. Na mganga wa zahanati atakayempokea bila ya kumtukana kwa mlango aliopitia kwanza. Lugha ilikwisha kuwapa watu hao wawili jina moja. Kilichobaki ni wao kulistahili.